Mashine Inayofunguka

Miaka ile miwa ilipolipa vizuri, majirani zangu wa Shianda walinunua redio na makochi. Mimi nilitaka mashine ya kahawa nzito, ya nyumbani, na lazima iwe inayofunguka. Kazi yangu katika kiwanda cha sukari ilikuwa kukwangua sukari iliyoganda ndani ya mabomba, kwa hiyo sikuwa na haja ya kufundishwa kwamba kisichofunguka hakisafishiki.

Muuzaji wa Kakamega mjini alinionyesha moja inayong'aa, yenye vitufe. Nikamuuliza kama tangi lake linafunguka hadi chini. Akasema hakuna haja, ndani huingia maji peke yake.

Hakumjua mama yangu. Kwetu chai hupikwa maji, maziwa, majani na sukari vyote pamoja sufuriani, na mgeni akiwekewa sukari kando huona amenyimwa. Nikachukua nyingine, ya kuvuta mpini kwa mkono, isiyopendeza, ambayo ningeweza kuifungua yote kwa spana.

Jumapili ya kwanza nilitoka kanisani nikamkuta mama amemimina maziwa, sukari na kahawa ndani ya tangi. Nilikwenda kuchukua spana.

"Mwanangu," akasema, "hii sufuria yako ni ndogo."