Zi ya Roda

"Tumesikia ni jibu gani? Hata ukuta unasikia."

Hivyo ndivyo Roda alivyomjibu mzee Shikanga mbele ya watu, siku tuliyokusanyika Navakholo kunyolewa nywele baada ya kumzika jirani yetu Were. Siku hiyo ndiyo madeni ya marehemu hutajwa. Mtu mmoja alikuwa amesimama kudai mbuzi, na Roda, pale kwenye mkeka wa wanawake, akasema, "Zi." Mzee akamkemea: "Hayo ni maneno ya watoto wa mjini. Kwenye kilio watu wanasemanga tumesikia."

"Sasa mzee, ukisema tumesikia, umekubali ama umekataa? Mimi nikisema fiti, nimekubali. Nikisema zi, sijaamini, ongeza maneno. Huyu bwana aongeze maneno."

Bwana akaongeza, akajikwaa, mbuzi akageuka kondoo, tukajua.

Maneno hayo aliyatoa Shirere, alikokuwa akiwapikia wanafunzi wa chuo waliopanga vyumba. Jumatatu anaenda, Ijumaa anarudi na kikapu kitupu na neno jipya. Wengine walisema anajishaua. Mimi nilimchunguza, maana mambo ya watu napenda kuyajua. Hakusema zi kwa chuki wala fiti kwa urafiki. Dada yake mwenyewe, Pascalia, alipotangaza kwamba ameokoka, Roda alimwambia zi, na kabla ya mavuno tukampata Pascalia kwenye pombe ya busaa.

Basi ikawa kila mdai akisimama, watu wanamtazama Roda kwanza. Hata Shikanga, pamoja na kununa kwake, alingoja.

Mwaka wa tisini na sita Jairus, mume wa Roda, akafa. Waombolezaji walikula kuku wote wa boma, akabaki jogoo mmoja mwekundu. Siku ya kunyoa, Wanyonyi wa ng'ambo ya mto akasimama.

"Jairus alikopa jogoo kwangu siku wakwe walipokuja ghafla kumwona binti yake Muhonja. Hakurudisha."

Shahidi hakuna. Wakwe walikuja Jumatano, na Roda alikuwa Shirere.

Shikanga akakohoa kidogo. "Haya mama, leo deni liko mlangoni pako. Unasemaje?"

Nilijisogeza mbele nisikose. Akisema zi, Wanyonyi anaenda mikono mitupu, jogoo anabaki. Lakini zi ya kulinda jogoo si zi tena, ni ubahili tu, na nani angemtazama siku nyingine?

"Alikuwa wa rangi gani?" Roda akauliza.

"Mweusi. Shingo tupu, haina manyoya."

Roda akakuna mkeka kwa kidole.

"Manyoya meusi niliyakuta nyuma ya jiko," akasema. "Nikamuuliza marehemu, huyu kuku ametoka wapi, sisi tunafuga wekundu. Akasema amemnunua sokoni. Nikamwambia zi. Akacheka, akaingia kulala. Hakuongeza maneno."

Erastus, shemeji yake, akamwinamia. "Mama Muhonja, hayo yalikuwa ya chumbani. Hapa nyamaza tu."

"Nimwambie zi mume wangu akiwa hai, halafu leo hiyo zi nimgeuzie Wanyonyi?" Roda akainuka, akajikung'uta nguo. "Fiti. Ni deni letu."

Roda mwenyewe alimkamata jogoo, akamfunga miguu kwa utambaa. Mimi nilidhani Wanyonyi atasema, wacha mama, umefiwa, baki naye. Zi. Alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, akateremka mtoni bila kungoja chakula.

Alfajiri tukamsikia akiwika, ng'ambo.