Perege Aliyepanda Lori la Wajir

Enzi zile za vita vya shifta, sisi watoto wa Garissa hatukuwa na midoli wala baiskeli, lakini tulikuwa na Mto Tana, na mimi, msichana mdogo, nilikuwa na samaki. Samaki hai, wangu mwenyewe, ndani ya debe la mafuta ya kupikia nililolisugua kwa mchanga mpaka likang'aa. Vijana wa leo, raha ile hamuijui!

Chanzo ni binamu yangu Dahir wa Wajir. Likizo iliyotangulia, nilipokwenda kwao nikasimulia habari za samaki, aliwaambia wenzake wote wa chuo cha Kurani kuwa mimi ni mwongo, eti hakuna mnyama anayekaa majini asizame. Walinizomea hadi nikalia. Nikaapa kumpelekea ushahidi. Mvuvi mmoja Mpokomo akanipa perege mdogo pamoja na masharti: nisimlishe njiani, debe lisijae, nilifunike kwa gunia lililoloa, na maji yasitulie. "Yakitulia, anakosa hewa," alisema.

Eeddo, shangazi yangu niliyesafiri naye, alikunja pua. Kwetu samaki hakuwa chakula wala rafiki. "Nyoka wako huyo asiniguse," alisema, akajisogeza mwisho wa magunia ya sukari tuliyokalia. Siku hizo lori halikwenda popote bila msafara wa askari. Barabara ilitutupa huku na huku, watu wazima wakilaani kila shimo, nami nikishangilia, maana kila shimo lilimpa perege wangu pumzi. Nilicheka mpaka mzee mmoja akauliza kama jua limenipata.

Karibu na Modogashe tukasimamishwa na askari wa kizuizi. Wanaume waliketishwa juani, bunduki zikiwaelekea, na kicheko kikanikauka. Lori likatulia, maji nayo yakatulia. Perege akapanda juu, mdomo wazi. Nikaanza kulia. Eeddo akanitazama, akatazama debe, akasema, "Subhanallah." Akatoa kikombe chake cha bati, akaanza kuchota na kumimina kutoka juu, vile alivyopoza chai kila asubuhi. Povu likatanda.

Askari akasogea. "Mama, unaboza maji baridi?" alitania, akiiga matamshi yetu ya kugeuza p kuwa b.

"Huyu hana bumzi, afande," Eeddo alijibu bila kusimamisha mkono. "Mimi nabatia yeye bumzi."

Askari akachungulia, akaangua kicheko. Alisema kwao ni ziwani, akaomba kikombe, naye akamimina. Hata wanaume wetu kule juani walitabasamu. Baadaye kidogo tukaruhusiwa sote, alhamdulillahi.

Wajir, Dahir aliinama juu ya debe kwa dharau. Perege akapiga mkia, maji yakamjaa usoni mbele ya wenzake wote! Niliruka kama mwanambuzi. Ayeeyo, bibi yetu, akaja na maziwa ya ngamia kumkirimu mgeni, tukamzuia kabla hajayamimina ndani.

Leo wajukuu wangu wana tangi la kioo lenye taa na pampu. Juzi stima ilipotea, wakakimbilia simu kutafuta ushauri, kumbe hazina chaji. Nikachukua kikombe, nikaanza kumimina. "Ayeeyo, unapoza maji baridi?" akauliza mdogo wao, wakacheka wote. Nilicheka nao, kisha nikamkumbuka Eeddo na machozi yakanitoka. Samaki wao ni wengi, wa kila rangi, hata majina hawana. Wangu alikuwa mmoja tu, na lori zima lilitaka aishi.