Njia ya Mawe ya Baba

Juzi nilikwenda Kitengela kumwona mama, nikajikwaa nikiingia kwetu. Kati ya barabara na geti letu kuna njia ya mawe bapa ambayo baba aliipanga kwa mikono yake, na mawe yenyewe yamekaribiana mno. Ukikanyaga kila jiwe unatembea kama bata, ukiruka moja unayumba. Nilikuwa nimebeba mkate na sukari, nusura niviangushe. Binti yangu wa miaka saba alikuwa amebaki barabarani akitazama mbuzi wa jirani.

"Usijali," mama akaniambia akinimiminia chai. "Majirani tumeelewana. Jumatatu lori ya changarawe ya murramu inakuja, itafunika hayo mawe yote."

Nikasema ni vizuri. Lakini kikombe nikakishika tu bila kunywa.

Wewe uliyekaa Kitengela kabla ya maghorofa unaukumbuka ule udongo mweusi. Kiangazi ulipasuka nyufa za kumeza kalamu nzima. Mvua ikinyesha, uligeuka ugali mbichi, ukishika kiatu hauachi. Sisi tulitoka magharibi tukifuata mshahara wa baba, na majirani wetu wa kwanza walikuwa pundamilia. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, hata mama akalalamika kwamba chai yake inataka kuwa mchuzi. Jioni nyumba ilinukia dagaa wa omena na mboga ya mrenda, na kutoka mbali tulisikia kengele za ng'ombe wa yule mama Mmaasai aliyetuletea maziwa kwa kibuyu, maziwa yenye harufu tamu ya moshi.

Baba alikuwa karani wa mafaili katika ofisi moja kule Kajiado. Aliondoka hatujaamka, akarudi jua likielekea Ngong. Mama wa maziwa alimsalimu "Supa!" naye akajibu "Ipa," na hayo yakawa mazungumzo yake ya siku. Mama alipenda kutuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi mimi niliishi nikiungoja huo mshindo.

Nikiwa darasa la pili, tope lilimeza kiatu changu cha kushoto. Nilichimba kwa vidole hadi nikachoka, nikafika shuleni na kimoja. Mwalimu akanisimamisha mbele, darasa likacheka mpaka likakohoa. Jioni nilimsimulia baba nikilia. Akautazama mguu wangu, akarudi kwenye chai yake. Iliniuma sana. Niliamini kwamba baba hanipendi, na imani hiyo niliibeba miaka mingi.

Kesho yake alirudi na jiwe. Lilikuwa bapa, pana kama sahani, limo ndani ya mfuko wa gunia. Uwanda wetu haukuwa na mawe, kwa hiyo aliliokota Kajiado nyuma ya ofisi. Akaniita nje.

"Tembea."

Nikapiga hatua moja. Akapiga magoti na suruali yake ya kazi, akachimba pale unyayo wangu ulipotua, akalilaza jiwe.

"Kanyaga."

Nikakanyaga. Halikutikisika. Akaenda kunawa mikono.

Ikawa hivyo jioni baada ya jioni, jiwe moja, hatua moja. Mama wa maziwa alicheka akishika mbavu. "Huyu mzee yenu ako na kazi mbili, ya ofisi na ya mawe! Akimaliza barabara ataanza kujenga mlima?" Baba alitabasamu kidogo, akaendelea kuchimba.

Shuleni hawakutabasamu, walinibatiza jina "Mawe." Niliona aibu mpaka nikatamani baba awe wa mtu mwingine. Jioni moja nikicheza kando ya barabara na rafiki zangu wawili, akatokea, bega moja limeinama kwa uzito wa mfuko.

"Si huyo ni babako?" mmoja akauliza.

"Si yeye," nikasema. "Babangu bado ako job."

Alikuwa karibu. Alisikia, najua alisikia. Hakuniita. Aliuhamishia mfuko bega la pili, akavuka barabara, akapita ng'ambo kama mgeni, ili uongo wangu usimame.  Nilipofika nyumbani nikajiambia leo ndio mshindo.

"Tembea," akasema, kwa sauti ileile ya kila siku. "Kanyaga."

Njia ilifika barabarani nikiwa darasa la tatu. Kisha miguu yangu ikarefuka, na nikaanza kumchokoza kwamba hakujua kupima. "Ni kweli," alijibu, basi. Ile jioni hatukuitaja kamwe. Tulimzika kwao magharibi mwaka juzi, na wenzake wa ofisini wakasema alikuwa mtu mkimya, mchapakazi. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani.

Sasa juzi, nikiwa na kikombe mkononi, nilisimama mlangoni nikamwita binti yangu. Akaja mbio kutoka barabarani. Hakutazama chini hata mara moja. Mguu jiwe, mguu jiwe, mpaka getini. Nikaweka kikombe chini, nikalia. Baba alijua kupima. Alipima hatua ya mtoto wa miaka saba, jioni baada ya jioni, na mtoto mwenyewe akakosa kuelewa.

Pundamilia wameshahama. Mama wa maziwa naye alihama na ng'ombe wake, na Jumatatu mawe yatafuata. Sikumwomba mtu ayaache. Magoti ya mama yanahitaji njia nzuri, na baba angekuwa wa kwanza kukubali. Ila kabla ya kuondoka nilivua viatu, nikafupisha hatua, nikayakanyaga yote, moja baada ya jingine, kutoka getini hadi barabarani, pale pale alipovuka ile jioni.

Mama mmoja muuza mboga alikuwa ananitazama kutoka kibandani. "Pole, dada. Hayo mawe yanasumbua watu. Nani aliyapanga karibu hivyo?"

"Ni babangu," nikasema. Kisha nikarudia kwa sauti, ili hata walio ng'ambo wasikie. "Ni babangu."