Nusu Bonde kwa Bei Nzima

"Shangazi, kama gemu wameikata, mbona bei hawajaikata?"

Aliyeuliza ni binti wa kaka yake Mama Gemu. Wakati huo alikuwa darasa la tatu, na alikuwa amekaa juu ya kreti la soda akitafuna karanga zisizokuwa zake. Mama Gemu alishika boksi la diski mpya, hata nailoni yake haijachanwa. Aliligeuza mbele, akaligeuza nyuma, akalisogeza karibu na macho. "Tafuna kwanza, utapaliwa," alisema, akaingia ndani na kuvuta pazia.

Pazia la Mama Gemu likivutwa, mtaa mzima ulijua kuna jambo.

Mwanamke huyu alianza na runinga yenye mgongo mkubwa na mashine ya gemu iliyoachwa na mpangaji aliyehama bila kuibeba. Kila mtu alidhani ataiuza. Yeye akakaa chini, akaiwasha, ili ajue ni kitu gani humfanya mtu mzima aache chakula kipoe. Chakula chake mwenyewe kilipoa siku hiyo. Haukupita muda akatoa makochi sebuleni, akaingiza viti vya plastiki, akafungua ukumbi wa gemu. Kaka yake alisema dada yake amechanganyikiwa, mwanamke na akili zake anashinda na vijana wanaobonyeza vitufe. Leo kaka huyohuyo akiulizwa kwake ni wapi, anasema, "Ukifika kwa Mama Gemu, yule dada yangu wa tumbo moja, pinda kulia." La tumbo moja haliachi, hata kama aliyeuliza ana haraka.

Mama Gemu hakuwa na mchezo kwenye mchezo. Kila asubuhi pedi zote, yaani vile vishikio vyenye vitufe, zilisuguliwa kwa spiriti na mswaki wa zamani. Mwenye mikono ya mafuta hakuambiwa kitu, alionyeshwa bomba kwa kidole. Gemu mpya haikuchezwa na mteja yeyote mpaka yeye mwenyewe aimalize, peke yake, pazia limefungwa. Akimaliza, anasimama mlangoni na kutamka neno moja. Akisema "Nzima," gemu inachezwa kwa bei kamili ya ukumbi. Akisema "Nusu," inachezwa kwa nusu. Akisema "Hapana," diski inarudi dukani siku hiyohiyo. Na neno likishatoka, limetoka. Watu walikuja kutoka mitaa ya mbali kuuliza Mama Gemu kasema nini, kabla hawajatoa pesa zao kununua. Kama alikuwa na kitu cha kuringia, ni hicho. Runinga hata wengine wanazo.

Sasa, gemu yenyewe. Ile ya zamani iliitwa Bonde la Minara, na ilikuwa roho ya ukumbi. Haikuwa na ramani wala mshale wa kukuonyesha njia. Ukipotea, umepotea. Kwa hiyo wateja walianza kuchora njia ukutani, kwa chaki, kwa mkaa, kwa kalamu ya wino mzito, kila mtu akiongeza kona aliyoigundua. Mapango ya chini kwa chini yalichorwa na mchomeleaji mageti wa jirani, ambaye vijana walimwita Kapteni. Alichora usiku na mchana wake wa mapumziko, na mpaka leo kuna alama za vidole vyake vyenye masizi juu ya swichi ya taa. Ukuta ule ulikuwa haupakwi rangi. Aliyethubutu kuuegemea alipigwa jicho akanyooka mwenyewe.

Wa kutia huruma alikuwa wifi yake, yaani mama wa yule msichana wa karanga. Alikuwa fundi cherehani, na banda lake lilipakana na ukumbi. Kila alipokuja kumchukua binti yake alijaribu Bonde la Minara mara moja, na kila mara mlinzi wa geti la kwanza alimtupa mtaroni. Miaka nenda miaka rudi. Vijana wakambandika jina la Bi Geti.

"Wifi, leo umeingia?" Mama Gemu humchokoza.

"Nimefika getini, wifi. Nyumba za watu haziingiwi bila hodi."

Ndipo ikaja habari kwamba Bonde la Minara limetengenezwa upya. Picha mpya, sauti mpya, lakini limerahisishwa na kupunguzwa. Muuzaji hakushusha bei hata kidogo, ilikuwa sawa na ya gemu mpya kabisa. Mama Gemu alinunua kwa pesa aliyokuwa ameiweka akiba ya kununulia skrini nyingine. Hilo ndilo boksi alilokuwa ameshika siku ya swali.

Nyuma ya pazia aliona majani yakiyumba kwa upepo, akatabasamu. Halafu ukawaka mshale wa njano: pita hapa. Akaukunjia uso. Akafika getini, akamkuta mlinzi anasinzia, ameegemea mkuki wake. Akampita kama anavyopita kibanda cha vocha. Akaenda moja kwa moja kwenye kisima, pale penye mdomo wa mapango. Kisima kilikuwa kimefunikwa kwa jiwe. Alibonyeza kila kitufe, kimoja kimoja, kisha viwili viwili. Jiwe halikusogea. Mapango yalikuwa yameondolewa. Alikaa akilitazama jiwe lile kama aliyerudi kwao akakuta chumba chake kimezibwa kwa matofali.

Gemu ya zamani ilimchukua miezi. Hii aliimaliza kabla jua halijafika dirisha la nyuma. Akafungua pazia, akasimama mlangoni.

"Nusu."

Kapteni alipiga makofi. "Si nilisema? Hawa wametuuzia suruali isiyo na miguu."

"Hiyo inaitwa kaptula," fundi cherehani alimjibu kutoka bandani kwake, "na ufundi wake si haba, bwana."

Wakacheka, na neno likawa neno. Wakongwe wakaja, wakalipa nusu, wakaimaliza huku wakiikebehi, wakarudi kwenye ile ya zamani.

Mchana mmoja mkanda wa cherehani ulikatika. Fundi alimtuma mtu akamletee mkanda mwingine, na akiwa anausubiri akaja kukaa ukumbini. "Nipe hiyo ya nusu, wifi. Inanifaa mimi mchezaji nusu."

Mama Gemu alimwekea diski, akarudi kusugua pedi zake. Baada ya muda akainua uso. Fundi cherehani alikuwa amevuka geti. Alishika pedi kwa mikono miwili kama pasi ya moto, na mshale ulikuwa ukiwaka na kuzima bila yeye kuujali. Alikuwa amesimama tu juu ya kilima.

"Wifi," alisema polepole, "kumbe kuna mto?"

"Mto upi?"

"Huu hapa. Nyuma ya geti. Miaka yote hii kuna mto?"

Mama Gemu aliweka mswaki chini. Mto ule aliuvuka mara nyingi mno hata hakuuona tena, ulikuwa kama mtaro wa mbele ya nyumba yake. Wifi yake aliutazama mpaka mkanda ukaletwa, akamwambia aliyeuleta autundike msumarini. Kesho yake akarudi. Akapotea hata na mshale ukiwaka, akafukuzwa na mbwa wa mnara wa pili, akaanguka, akaapa haji tena, akaja. Kilichomchukua Mama Gemu nusu siku, yeye kilimchukua wiki na wiki.

Hapo ndipo Mama Gemu alipokosa raha. Alielewa kosa lake, na lilikuwa kosa ambalo ni yeye tu angeweza kulifanya. Nyuma ya pazia hakuicheza gemu mpya hata kidogo. Miguu yake ilikuwa ikitembea kwenye ile ya zamani, na macho yake yakahesabu kilichokosekana. Alitamka neno kwa niaba ya watu ambao hakuwaita ndani.

Kulibadilisha, basi? Neno lake halikuwahi kurudi nyuma. Na baya zaidi, likirudi linarudi upande wa mfuko wake. Nani angeamini kwamba anapandisha bei kwa sababu ya haki? Lakini akinyamaza, kila atakayekuja kumuuliza "umesemaje" atapewa jibu analojua mwenyewe kuwa ni bovu. Alizunguka nalo siku kadhaa, akisugua pedi ambazo tayari zinang'aa.

Jumamosi, ukumbi umejaa, akasimama mlangoni.

"Lile neno la Nusu lilikuwa la haraka," alisema. "Nalibadilisha."

Kapteni akakohoa. "Mama, mfuko umeanza kuuma?"

"Umeniuma tangu siku niliyonunua. Siku ile sikulia, sitalia leo. Sikiliza, Kapteni. Mimi na wewe tumezeeka humo bondeni. Kwetu hii ni nusu, na utalipa nusu. Lakini kwa asiyewahi kuvuka geti ni nzima, na atalipa nzima. Na kabla hajalipa nitamwambia kwa mdomo wangu: mapango hayamo, mlinzi analala, mshale unakuonyesha njia. Akitaka, akae. Asipotaka, ile ya zamani ipo palepale."

"Na utajuaje nani alivuka?" kijana mmoja wa nyuma aliuliza. "Mimi nilivuka."

"Hongera, baba. Kaa hapo kwenye ile ya zamani, utuvushie mlinzi tuone."

Kijana alikaa. Mlinzi alimtupa mtaroni kabla hajanyoosha mgongo vizuri, na ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Akafuata mwingine aliyejidai, naye mtaroni. Kapteni aliitwa, akaweka sigara nyuma ya sikio, akamvuka mlinzi huku akiangalia dari. Akalipa nusu yake, na hakusema tena habari za mfuko.

Fundi cherehani alijipenyeza mbele, akaweka noti mezani. "Nzima. Wala usinipunguzie, wifi. Nusu ni ya waliokwisha kwenda."

"Bi Geti analipa nzima!"

"Bi Geti ameshauona mto," alijibu bila kugeuka, akavuta kiti.

Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Vijana walianza kulipia ile ya zamani ili wajifunze kumvuka mlinzi na kupata haki ya nusu, na wengi walipomvuka hawakutaka kutoka tena. Ukutani ikaongezeka michoro ya mikono mipya. Na Mama Gemu hakuvuta tena pazia peke yake. Kila gemu mpya ilipokuja alimwita mtu asiyejua kitu, muuza vocha, mama wa nyumba ya pili, yeyote, akamweka kwenye kiti na yeye akakaa pembeni akimtazama uso.

Msichana wa karanga yuko kidato cha tatu sasa. Juzi, darasani kwao, watu walikaribia kugombana kwa ajili ya gemu nyingine ya zamani iliyorudishwa upya, nyepesi, kwa bei ileile. Alirudi, akamkuta shangazi yake ameifungua pedi vipande vipande mezani, akalirudia swali lake neno kwa neno. Mama Gemu alipuliza vumbi kwenye kitufe kidogo, akakitazama kwenye mwanga.

"Bei hawakuikata kwa sababu hawakujua wanamuuzia nani," alisema. "Walikisia. Kwa mama yako walipatia, kwangu walikosea. Mapango yangu waliniibia, na kwa hilo sijawasamehe. Mama yako hawakumwibia chochote, walimpa mto. Mimi siku ile nilijikalisha kitini peke yangu nikadhani mimi ndiye mtaa mzima. Siku hizi namkalisha asiyejua, ndipo nafungua mdomo. Na watu wanatoka mbali zaidi kuja kuniuliza kuliko zamani. Kamwambie baba yako hilo pia, aliongeze anapoelekeza watu."