Nilipiga Picha Harusi Nzima, Kamera Haikupiga Hata Moja

Kosa ni langu. Shetani msimsingizie, siku ile hakuwepo. Aliyekuwepo ni mimi na kiburi changu. Chekeni mkitaka, lakini nisikilizeni mpaka mwisho.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi. Shule niliachia darasa la tatu. Nyumba nimejenga, watoto nimesomesha, kwa akili hii hii ya darasa la tatu. Mtu wa namna hiyo akishashiba hafundishiki! Ndiyo shida yangu.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wanarudi makwao, kila mtu anauza alichonacho apate kuondoka. Kabeya, Mkongo aliyekuwa akipiga watu picha pale ufukweni, alikuwa anangoja boti ya kwenda kwao ng'ambo ya ziwa. Akaniuzia kamera yake ya kidijitali. Ndogo, inaenea kiganjani, haina mkanda wa filamu wala nini.

"Papa, ikala kwanza nikufundishe," akaniambia, yaani nikae chini. "Siku mbili tu."

"Nifundishwe na wewe? Nimeanza biashara hujaota meno! Nionyeshe pa kuwashia na pa kubonyeza, basi."

Akanionyesha. "Bonyeza pole pole, Papa, usiitikise."

Hiyo pole pole ndiyo iliyonimaliza, jamani!

Wiki hiyo hiyo akaja mteja wangu wa miaka mingi, Mama Spesi, mama wa Kirundi aliyekuwa akichukua dagaa kwangu na kuwauza kambini. Binti yake, Spesi, alikuwa anaolewa Buzebazeba na Yohana, fundi baiskeli. Mama amepewa kibali cha siku nne. Jumamosi harusi, Jumanne lori la kurudi kambini, halafu safari ya Burundi. Binti anabaki huku na mumewe.

"Mzee, nasikia umenunua kamera," akasema. "Nataka picha moja tu ya mwanangu na gauni lake. Sijui kama nitamwona tena."

Hapo ningesema, mama, bado najifunza. Mdomo wangu ukasema, "Moja? Nitakupigia hamsini!"

Harusini nilivaa koti. Nikapanda juu ya stuli. Nikamwamuru mpaka mchungaji: "Mchungaji, sogea, unaniharibia picha!" Akasogea. Mtu ukishika kamera unakuwa mkuu wa wilaya!

Nikawa nabonyeza pole pole kama nilivyoambiwa, kidole kinagusa tu, vile ninavyopima dagaa kama amekauka. Kamera inalia tii! Kitaa kinawaka mbele. Kwenye kioo nawaona maharusi wamekaa vizuri. Nikajua imeingia hiyo, twende nyingine. Tii! Keki. Tii! Pete. Tii! Mama Spesi kamkumbatia mwanawe, anafuta machozi na kona ya kitenge.

Jumapili nikaipeleka studio Mwanga wanisafishie. Jamaa akachomeka waya, akatazama, akanitazama.

"Mzee, humu mna picha tatu."

"Tatu tu! Zipi?"

"Kiatu chako, stuli, na mbuzi. Mbuzi mwenyewe nusu."

Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Sasa sikilizeni dhambi yenyewe. Kutojua kamera si dhambi. Jioni ile Mama Spesi alinijia nyumbani na sahani ya wali wa harusi niliowekewa. "Mzee, picha zimetokaje?"

"Zimetoka vizuri sana," nikasema, nakula wali wake! "Ila hizi za kidijitali hazichukuliwi mbichi. Zinalala siku mbili rangi ikolee."

"Ego, Mzee," akaitikia. Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Miaka yote hiyo sijawahi kumuuzia dagaa wenye mchanga.

Jumatatu nikamfuata Kabeya ufukweni, nikamtukana mbele ya wachukuzi. "Mwizi wewe! Umeniuzia kamera mbovu!"

Kabeya hakukasirika. Akaichukua. "Papa, ulibonyeza mpaka mwisho?"

"Pole pole, kama ulivyosema!"

"Nilisema pole pole, sikusema nusu! Ukibonyeza nusu inalenga tu. Tii ni kusema, niko tayari. Yenyewe inakungoja wewe!" Akabonyeza mpaka chini, chaa, mwanga ukanipiga machoni. Wachukuzi wakacheka mpaka wakatua magunia. "Sasa ikala, Papa, nikuonyeshe na kule picha zinakokaa..."

"Nimeshaelewa!" Nikampokonya, nikaondoka. Ndiyo, mara ya pili! Kichwa changu hiki, sijui kiliumbwa kwa mawe ya wapi.

Jumanne asubuhi nilikwenda Mwanga, linakoondokea lori la kambini. Lori limewaka, vyombo vimepakiwa. Mama Spesi aliponiona akanyoosha mikono yote miwili, anapokea picha.

"Sina," nikasema. "Sikupiga hata moja. Jumapili nilijua, nikakudanganya."

Mama Spesi akaishusha mikono. Afadhali angenitukana.

"Jumapili gauni lilikuwa bado ndani," akasema taratibu. "Tumelirudisha jana. Ungesema, Mzee, angelivaa tena."

Maneno hayo mpaka leo yananikaa kooni kama mwiba wa mgebuka.

Nikawaomba wasimame. Spesi kavaa kitenge cha kila siku, macho yamevimba. Yohana katoka kazini, grisi mpaka viwiko. Mama katikati. Nikabonyeza mpaka kidole kikaniuma. Chaa! Wakatokea kwenye kioo, wametulia, hawapotei. Mama Spesi akawagusa kwa kidole.

"Inasafishwa lini?"

Studio ilikuwa bado haijafunguliwa. Dereva anapiga honi. "Mama, panda, tunakuacha!"

Sikufikiri. Nikamwekea kamera mkononi, na chaja yake. "Nenda nayo yote. Utasafishia huko huko."

"Yote, Mzee?"

"Yote! Panda!"

Lori likaondoka. Nikarudi Kibirizi nimejaa utukufu, namsimulia Kabeya jinsi nilivyotoa. Akashika kichwa.

"Papa! Picha zinakaa kwenye kikadi kidogo, unakitoa pale chini. Ungempa kikadi, ukabaki na kamera!"

Ndicho alichotaka kunionyesha jana yake, nikamkatisha.

Picha yenyewe ilisafishwa. Miezi baadaye msafiri alimletea Spesi nakala, iko ukutani kwao Buzebazeba. Wageni wakiuliza ya harusi iko wapi, Yohana anaonyesha hiyo ya grisi, halafu ananitazama mimi. Kibirizi jina langu limekufa, naitwa Mzee Tii, hata na watoto wanaoniamkia shikamoo.

Nyie mnaoanza na vyombo hivi, mwulizeni anayejua, hata kama ana umri wa mjukuu wenu. Kaa chini akufundishe mpaka amalize. Na ukimharibia mtu, mwambie siku ile ile. Aibu ya Jumapili ni moja tu, ukiilaza mpaka Jumanne unaikuta imeshazaa!