Mahasa Kwenye Tuta la Immakulata

Korogwe ilimpa Immakulata vitu viwili: mume aliyekohoa vumbi la mkonge mpaka akafa, na mbegu za spinachi. Mume alimzika huko huko. Mbegu alizifunga kwenye pindo la kanga akarudi nazo kwao Kasulu. Operesheni Vijiji ilipowashusha watu kutoka vilimani na kuwapanga kando ya barabara, wenzake waliteremka kwenye lori wakiwa wamebeba kuku na mitungi. Yeye alikuwa amepakata beseni lililotoboka, lenye udongo na miche minne.

Walimcheka sana. Nani apande mboga wakati lengalenga, mchicha wa porini, inaota yenyewe hata chooni? Immakulata aliwajibu kwamba ndiyo maana yeye hapendi kula kwao. Alichimba tuta nyuma ya jiko, akalilisha samadi ya mbuzi, akalinywesha maji aliyooshea vyombo, akalinyunyizia jivu asubuhi. Kiangazi kilipofika na lengalenga ikakauka, wale waliocheka walianza kupita kwake na vibakuli chini ya kanga. Aliwapa wote, lakini kila mmoja alilazimika kwanza kumwamkia yule spinachi aliye mbele, kwa heshima na jina. Wanawake watu wazima wakawa wanainamia majani na kuyauliza yameamkaje.

Jirani yake wa upande wa chini alikuwa Makarius, balozi wa nyumba kumi. Huyu alipenda maendeleo, hasa yale yanayopita kwenye uwanja wa mtu mwingine. Njia ya kutoka kwake kwenda kilabu cha pombe ilipinda kwenye tuta la Immakulata, na jioni, wakati wa kurudi, kona ile ilimshinda mara nyingi. Alikwisha kuangukia ua wa mama huyu, akaamka na mwiba wa mchongoma kwenye suruali ya mkutano. Tangu hapo alihubiri kwamba kijiji cha kisasa ni kijiji cha njia zilizonyooka, na kwamba tuta lile linazuia taifa. Alichokosa ni sababu ya kuling'oa.

Sababu akaletewa na kuku. Mwishoni mwa masika jike mmoja aliruka ua akadonoa mche mchanga katikati, pale majani yanapochipukia. Immakulata alimtupia kuku kijiti na matusi, akauacha mche ujifie wenyewe. Haukufa. Ulikaa umeduwaa, kisha ukatoa kikonyo kipana kama mkanda wa askari, na juu yake majani mawili yaliyoshikana mgongo, moja likitazama mashariki na lingine magharibi.

Aliuzunguka mche ule akicheka peke yake. Lakini hakuwa mtu wa kucheka tu. Abdalah, bwana shamba kijana mwenyeji wa Ujiji, alipopita na baiskeli yake, alimvuta mkono mpaka kwenye tuta. Abdalah alichuchumaa, akageuza jani juu na chini, akauliza kama mche uliwahi kuumia. Aliposikia habari za kuku akatikisa kichwa. Alimweleza kwamba moyo wa mche ukijeruhiwa ungali mchanga, au ukipigwa na baridi kali, unaweza kuchanganyikiwa ukazaa majani mawili pamoja. Si ugonjwa, hauambukizi mwingine, na jani linaliwa kama jani lolote. Huenda yatakayofuata yakatoka ya kawaida. Kisha akamwonyesha mche wa tatu, ambao Immakulata hakuuhofia hata kidogo. Majani yake yalikuwa yamejikunja kingo, na chini yake wadudu wadogo wa kijani wamejazana wakifyonza. Huo, alisema, ndio wa kushughulikia: majani mabovu yakatwe, mengine yaoshwe kwa maji ya sabuni.

Immakulata aliyaosha jioni ile ile. Habari za pacha, hata hivyo, zilikwisha kumfikia Makarius.

Jumamosi, watu walipokusanyika kwa kazi ya ujamaa, balozi alisimama na jembe begani. Wiki nzima alikuwa amewasuta watu kwa kuamini mambo ya giza. Sasa alishusha sauti kama mganga.

"Ndugu zangu, nyuma ya jiko la mama huyu wamezaliwa mahasa."

Mahasa ni pacha kwa Kiha, na neno hilo halisemwi ovyo. Makarius akaendelea kwamba mboga kuzaa pacha ni balaa kwa kijiji, kwamba tuta lote ling'olewe leo, na kwa kuwa nafasi itakuwa wazi, njia ipitishwe hapo.

Immakulata aliona beseni lake, lori, miaka yote ya Korogwe ikilala chini ya jembe. Alijaribu kusema kweli kwanza. Alieleza habari za kuku na aliyoyasema bwana shamba.

"Abdalah ni mtu wa Ujiji," Makarius alimkata. "Akuambie habari za dagaa."

Watu walicheka, na ndani ya kicheko kile Immakulata akakumbuka neno alilolisikia dakika mbili zilizopita, na mdomo uliolitamka. Akaacha kubishana. Akatembea polepole mpaka mbele ya balozi, akapiga magoti, akapiga makofi kama mtu anayempokea mgeni mkubwa.

"Hongera, baba mahasa."

Makarius akauliza baba wa nani.

"Wewe ndiye uliyewatangaza. Mimi nilisema majani. Abdalah alisema majani. Wewe, mbele ya watu wote, umewaita kwa jina lao."

Wanawake wazee ndio walioelewa kwanza. Katika milima ile wazazi wao waliwafundisha kwamba atangazaye mahasa amewapokea: atatoa pombe ya ndizi, ataimbiwa nyimbo za matusi na hataruhusiwa kukasirika, na chuma chochote hakitaingia nyumbani kwa watoto hao. Mmoja alipiga kigelegele. Mwingine alimshusha Makarius jembe begani, taratibu, kama anayemvua mgonjwa koti.

Angeweza kusema kwamba ni jani tu. Lakini angesemaje, naye ndiye aliyelifanya balaa? Ndivyo wanavyonaswa wakubwa wa namna hii: wanaokota ujinga wa watu ili wautumie kama fimbo, na fimbo haijui mwenyewe ni nani.

Mitungi ya pombe ikatolewa kwake mchana ule. Wakamzunguka na kumwimbia miguu inayojua kwenda kilabuni na kusahau kurudi, na suruali iliyochumbiwa na mchongoma. Waliimba hata jinsi alivyoahidi bati la shule likaonekana juu ya banda la mbuzi wake. Kila ubeti ulipoisha alilazimika kucheka, na wanawake walimtazama meno kuhakikisha. Jua lilipoanza kushuka, alitamka mwenyewe kwamba tuta lisiguswe na njia ipinde kama ilivyokuwa.

Majani mapya ya mche ule yalitoka moja moja, kama Abdalah alivyodhani. Immakulata alilikata lile pacha, akalipika kwa mawese na nyanya chungu, akapeleka nusu nyumbani kwa balozi, akisema mahasa hawabaguliwi: mmoja kwake, mmoja kwa baba yao.

Makarius alikwisha kumega tonge. Mkewe, Esteri, mama wa watoto saba, alikuja mbio kutoka jikoni akamnyang'anya bakuli.

"Wewe hutakula hii," alisema. "Ukizaa pacha, ni mimi nitakayebeba."

Akamrudishia Immakulata bakuli kwa mikono miwili. Immakulata alikaa pale pale kizingitini akala nusu ya pili, huku akimweleza Esteri kwamba kwa mjane kama yeye spinachi itabidi ifanye kazi yote peke yake.