Barabara ya Moto

Moto ulipofika kwenye ua wetu ulisimama, na hilo ndilo watu walishindwa kutusamehe.

Wakati huo nilikuwa kidato cha pili, na sikuwa mtu wa kuongea. Darasani nilikuwa najua jibu na nanyamaza mpaka mwingine alitaje. Mama alikuwa anawaambia wageni, "Huyu ukitaka kumsikia, msome," kwa sababu kila jioni nilikuwa nimeinamia daftari langu. Baba yuko mgodini na anakuja Krismasi. Aliyekuwa karibu nasi ni baba mdogo, mdogo wake baba, hajaoa, na nyumba yake na yetu ziko ua mmoja kwenye mteremko wa mlima juu ya Manyamanyama. Ukisimama mlangoni kwetu unaona mabati ya Bunda yote, na mbali zaidi ziwa.

Chini ya ua wetu alikaa bibi mmoja peke yake na shamba lake la pamba. Si bibi yangu wa damu, lakini nikitoka shule alikuwa ananiita jikoni kwake na kunipa kiazi cha kwenye majivu, bila kuniuliza maswali, ndiyo maana nilimpenda. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi. Watoto wake walitaka kumwekea bati akakataa, akasema bati mvua ikija linapiga kelele mpaka mtu hasikii sala yake mwenyewe.

Mwezi wa saba mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha moto wa nyikani. Alisema nyasi zifyekwe kuzunguka nyumba, upana kama wa barabara ya magari. Kuni na mabua yakae mbali na ukuta, maji yawepo, na kila mtu nyumbani ajue atakimbilia wapi. Kile kipande kilichofyekwa, alisema, kinaitwa barabara ya moto. Niliyaandika kwenye daftari la shule, na nilipofika nyumbani nikayaandika tena kwenye daftari langu, na tarehe juu. Mlima wetu unaungua karibu kila kiangazi na sikuwahi kusikia kwamba kuna kitu cha kufanya kabla. Kwetu moto ni wa kuzimwa. Ukishaonekana, ndipo watu wanaenda kukata matawi.

Jioni ile niliweka daftari mezani pembeni ya ugali wa baba mdogo, likiwa limefunguliwa. Alisoma taratibu huku midomo inacheza. Asubuhi alichukua fyekeo.

Alifyeka siku nne, na mimi nilikuwa narundika nyasi. Wanaopita kwenda kisimani walikuwa wanasimama kumtazama, maana hakuna anayefyeka nyasi kavu ambazo hata ng'ombe amezikataa. Jirani mmoja mwenye ng'ombe wengi alimuuliza kama anaoa, mbona anasafisha uwanja. Baba mdogo anapenda utani ila hajui kuupanga. Akajibu, "Natengeneza barabara ya moto." Jirani akacheka, na yeye akacheka. Nililisikia neno lile likitoka na sikuona ubaya wake.

Siku ya nne alishuka kwa bibi, nami nikamfuata na ndoo. Bibi alikuwa ameng'oa mabua ya pamba, kama bwana shamba anavyotaka kila mwaka, yachomwe ili wadudu wasivuke kwenda msimu mwingine. Lakini alikuwa ameyaegemeza kwenye ukuta wa jiko mpaka yamekaribia paa, akisubiri mtu wa kumsaidia kuyachoma. Baba mdogo aliyaangalia, akaangalia nyasi za paa, akasema, "Mama, haya yakikaa hapa, nyumba hii itaungua." Akataka kuyahamisha palepale. Bibi akamwambia aache, wajukuu zake wanakuja Jumapili.

Wajukuu hawakuja. Wiki tatu baadaye nyumba ikaungua.

Ilikuwa mchana, ule muda ambao upepo unatoka ziwani na kupanda mlima. Tuliona moshi tukiwa darasani. Nilipofika nyumbani nimepungukiwa pumzi, moto ulikuwa umeanzia korongoni, umepanda kwenye nyasi, umeingia kwenye yale mabua na kurukia paa la bibi. Yeye alikuwa kisimani, Mungu alimsaidia, lakini mbuzi wake wawili walikuwa wamefungwa nyuma ya jiko. Baba mdogo alishuka kuwafungua, akamtoa mmoja. Alirudi mkono wa koti lake umeungua mpaka kwenye kiwiko. Kisha moto ukaja kwetu, ukafika kwenye kile kipande kilichofyekwa, ukatambaa pembeni yake kama unatafuta mlango, ukakosa. Mama na baba mdogo walikuwa wanapiga cheche na matawi mabichi. Mimi nilikuwa nachota maji kwenye pipa. Ule ukuta wetu haukupata hata alama.

Siku ya kwanza watu walisema tuna bahati. Siku ya pili hawakusema kitu. Siku ya tatu mama alifika kisimani na maongezi yakakatika, akachota maji yake kimya, akarudi, akakaa jikoni bila kuwasha moto.

Neno lilitufikia kidogo kidogo. Alijuaje? Hakuna aliyefyeka mlima mzima ila yeye. Na alitamka mwenyewe kwa mdomo wake kwamba anatengeneza barabara ya moto, sasa wewe unamtengenezea barabara mgeni ambaye hukumwita? Koti lake limeungua mkono, alikuwa wapi hasa? Bibi, aliyekuwa sasa analala kwa yule mwenye ng'ombe, alikuwa anarudia jambo moja kwa kila aliyekuja kumpa pole, kwamba yule kijana alisimama hapa, akaangalia paa langu, akasema nyumba hii itaungua. Hakuwa anadanganya. Yalikuwa maneno yaleyale. Ila yalikuwa yamegeuka.

Ningependa kuandika kwamba mimi sikumshuku. Nilimshuku. Asubuhi ya moto hakuwa nyumbani. Mama alisema alikwenda kutafuta miti ya kujengea. Yeye mwenyewe, nilipomuuliza kwa kuzungukazunguka, alisema alikuwa mashine ya kusaga. Majibu mawili. Niliyaandika yote kwenye daftari. Kesho yake alipokwenda kuoga nilipekua koti lake, na ndani nikakuta kiberiti. Baba mdogo anakula kwa mama, hana jiko lake. Anaimba besi kwaya kuu, na kanisani kwetu mtu akikamatwa na sigara anakalishwa nyuma. Kiberiti ni cha nini? Nilikirudisha nikaandika na hilo, na usiku ule nikamsikia anakohoa upande wa pili wa ua nikajifunika shuka kichwani.

Mwenyekiti wetu wa mtaa akaitisha mkutano, wa kura ya siri. Kwetu jambo likikosa mwenyewe, wizi wa ng'ombe au kitu kama hicho, kila mtu mzima anapewa kipande cha karatasi aandike jina la anayemshuku. Anayetajwa sana habaki salama. Tuliwaona watu wa familia moja ya juu kule wakiondoka baada ya kura, mabati ya nyumba yao yako kwenye mkokoteni, na hakuna aliyewasindikiza. Asubuhi ya mkutano baba mdogo hakugusa chai. Alimwambia mama kwamba yeye akifukuzwa, fyekeo mama abaki nalo.

Tulikaa nje ya ofisi ya mtaa. Wazee wengi hawajui kuandika, kwa hiyo alitakiwa mtu wa kuwaandikia, na mwenyekiti akanionyesha mimi kwa kidole. Yule mwenye ng'ombe akasema huyu si ni mtoto wa kwao. Mwenyekiti akasema, "Huyu salamu tu anaitikiaga kwa shida. Siri ataipeleka wapi?" Watu wakacheka, nami nikaenda kukaa kwenye meza ndogo nyuma ya ofisi, na mwenyekiti alinipa karatasi moja ya kwangu nyongeza, kama malipo.

Walikuja mmoja mmoja, wakainama, wakaninong'oneza. Wengine walitazama pembeni kwanza. Mzee mmoja aliniambia niandike "shetani". Wengi walitaja jina moja, na kila mara niliandika, kwa mwandiko wangu wa mtihani. Bibi alikuja wa mwisho. Alinukia moshi bado, nguo zake zote zilikuwa zimeungua isipokuwa hizo. Alikaa, akaweka mkono juu ya goti langu.

"Andika, mjukuu," akasema. "Unamjua."

Nikaandika jina la baba mdogo mbele yake, nikakunja.

Kisha nikabaki na karatasi yangu. Nilikuwa na vitu viwili vya kuandika na karatasi ilikuwa na nafasi ya kimoja. Kiberiti sikukiandika. Niliandika kwa herufi ndogo mpaka pande zote mbili zikajaa, nikaitumbukiza kwenye kibuyu cha kura pamoja na nyingine.

Mwenyekiti alisoma kura akiwa amesimama. Jina la baba mdogo, tena jina la baba mdogo, shetani, tena jina la baba mdogo. Baba mdogo mwenyewe alikuwa amekaa chini, anaangalia viatu vyake. Halafu mwenyekiti akafungua moja akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akaanza kuisoma kwa kukwama. Ilisema neno barabara ya moto si la baba mdogo, ni la mwalimu, na maana yake ni kipande cha kuuzuia moto, si cha kuupitisha. Ilisema aliyempa neno hilo ni mimi. Tarehe iko kwenye daftari langu, kabla ya moto. Ilisema alimwambia bibi nyumba itaungua kwa sababu ya mabua, na alitaka kuyahamisha, na nilikuwepo na ndoo. Ilimalizia, sijui nani aliwasha.

Hakuna aliyeuliza imeandikwa na nani. Mwandiko ulikuwa umeshasomwa asubuhi nzima.

Mtendaji wa mtaa, aliyekuwa amekaa pembeni ya mwenyekiti, akataka hilo daftari. Nilikimbia nyumbani nikarudi nalo, na njiani ndipo nikakumbuka kurasa zinazofuata ule wa mwezi wa saba. Majibu mawili. Kiberiti. Nikafika, mtendaji akanyoosha mkono, nami sikumpa. Nilimfungulia mwenyewe ukurasa wa mwezi wa saba nikaushika mbele ya macho yake, kidole gumba kimebana kurasa zilizofuata mpaka kucha imekuwa nyeupe. Alisema niachie asome vizuri. Nikatikisa kichwa. Akainama, akasoma nikiwa nimeshika, tarehe na yote, kwa sauti.

Yule mwenye ng'ombe akasema basi aliyejua ni huyu mtoto, na watu wengine wakaanza kuniangalia kwa namna ile ile waliyomwangalia baba mdogo. Hapo ndipo bibi akasimama.

"Mimi karatasi yangu nirudishiwe," akasema.

Mwenyekiti akamweleza kwamba kura ni ya siri, hairudishwi, hakuna anayejua ni ipi.

"Aliyeniandikia anaijua. Nirudishie yangu. Ni kweli alisema ayatoe mabua, mimi nikamwambia Jumapili."

Akasimama pia yule mzee wa shetani kudai yake, ingawa hakuwa amemtaja mtu. Akasimama mwingine. Mwenyekiti akazikusanya karatasi zote akazirudisha kwenye kibuyu, akasema kura imeharibika, na mkutano ukageuka kuwa wa nani atachangia miti na nani nyasi za nyumba ya bibi.

Tuliporudi nyumbani baba mdogo alitembea nyuma yangu muda mrefu. Kisha akaniuliza nilikuwa nimebana nini kwenye lile daftari.

"Kiberiti," nikasema.

"Ulikirudisha mfuko wa kulia. Nakiwekaga kushoto."

Akatoa kwenye soksi sigara moja iliyopinda akanionyesha, akairudisha. Akasema mwenyekiti wa kwaya asijue, na mama asijue, ndiyo maana alimdanganya mama kwamba anakwenda kutafuta miti. Nilimuuliza huwa anavutia wapi. Akasema nyuma ya mashine ya kusaga, mjini. Nilimwamini. Sikwenda mashineni kuuliza.

Kiangazi kilichofuata kila mtu alitaka kufyeka na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Nyasi zilikauka, watu wanapita wanatazamana. Mwishowe mwenyekiti akatangaza siku moja kwa mtaa mzima, akapuliza filimbi asubuhi, na mafyekeo yakaanza yote kwa pamoja, ili baadaye asiwepo wa kuulizwa alijuaje. Bibi alikuwa amerundika mabua yake katikati ya shamba, mbali na nyumba yake mpya, ambayo nayo ni ya nyasi.

Ilipofika saa nne baba mdogo aliegemeza fyekeo kwenye jiwe akasema anaenda kunywa maji. Yule mwenye ng'ombe alinyanyua kichwa. Nami nilinyanyua changu. Tulimtazama wote wawili akishuka, mpaka aliporudi, kidevu kimelowa, akachukua fyekeo lake.